Lebo Yenye Jani la Kijani

Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kiwanda kililetewa lebo mpya za soseji, na mtu wa kwanza kuzisoma alikuwa yule aliyepaswa kuzibandika. Wenzake walimwita Mama Lebo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye ile mashine, na alikuwa na tabia iliyowachekesha wote: kila mkanda mpya ulipofika aliukunjua kipande, akausoma kutoka juu hadi chini, hata yale maandishi ya mwisho madogo kama mayai ya chawa.

"Barua ya mchumba hiyo?" walimtania.

"Mchumba gani ana mwandiko mzuri hivi?" alikuwa akijibu, na kuendelea kusoma.

Lebo ya zamani ilikuwa nyekundu, na orodha yake aliijua kwa moyo: nyama ya ng'ombe, maji, wanga, chumvi, viungo, na mwishoni kihifadhi, nitriti ya sodiamu, ile ambayo kiwandani waliiita chumvi ya pinki. Hii mpya ilikuwa nyeupe, ina jani kubwa la kijani, na chini ya jani maneno yaliyonona: SOSEJI ASILIA. HAZIKUONGEZWA NITRITI. Aliitafuta nitriti kwenye orodha, hakuiona. Mahali pake palikuwa na kitu kinaitwa unga wa seleri.

Alifurahi, tena sana. Huo ulikuwa mwezi wa pili nchi nzima haina wimbo mwingine. Bungeni kulikuwa na muswada wa kutaka kila pakiti ya nyama ya kiwandani ibandikwe onyo kwamba nitriti inaweza kuleta saratani. Mbunge mmoja aliyeupinga alisimama kwenye ngazi za bunge mbele ya kamera akala soseji sita mfululizo. Ya sita ikampalia, na aliyempiga mgongoni hadi akapumua alikuwa yule yule mbunge aliyeuleta muswada. Watu walicheka wiki nzima, lakini kicheko hakikuuza soseji. Oda zilipungua. Sasa kumbe wakubwa wamekaa wakafikiri, wakaiacha ile chumvi wenyewe bila kusukumwa.

Saa ya chai alipita chumba cha kuchanganyia kumpongeza Viungo, mzee aliyekuwa akipima chumvi na pilipili tangu kiwanda kifunguliwe. Alimkuta ameketi juu ya mfuko mkubwa wa karatasi, anapuliza chai.

"Hongera, mzee wangu. Nimeona mmeiacha chumvi ya pinki."

Viungo alimtazama kama mtu aliyepewa hongera kwenye msiba. Akaupigapiga mfuko aliokalia. "Imo humu."

"Humu si ni unga wa seleri?"

"Seleri ni mboga, ina nitrati yake ya asili. Huko inakotoka wanaichachusha inageuka nitriti, wanaikausha, tunaletewa unga. Wewe unadhani ile rangi ya waridi inatoka wapi? Soseji isiyo na nitriti ikiiva inakuwa kijivu kama tambara la deki. Ni kitu kile kile, mwanangu. Kimebadilisha shati tu."

"Lakini lebo inasema haikuongezwa."

"Ndiyo. Nitriti hatukuongeza. Tumeongeza unga." Akanywa funda moja. "Na usinielewe vibaya. Ile chumvi ina kazi yake. Inazuia vijidudu vinavyoweza kumlaza mtu asiamke. Miaka yote nimeitia na sikuona aibu. Leo ndiyo naona aibu, kwa sababu naificha."

Mama Lebo alirudi kwenye mashine yake. Akaiwasha, na majani ya kijani yakaanza kupita mbele yake, moja baada ya jingine, hadi jioni.

*

Mumewe alikuwa mpishi wa shule, ile ile aliyosoma binti yao wa darasa la sita. Alikuwa mtu mpana, mwepesi wa kucheka, mwenye sauti iliyozoea kushindana na masufuria, hata nyumbani alikokuwa na watu watatu tu wa kumsikiliza. Watoto mia tatu walimjua, naye aliwajua: nani hapendi kitunguu, nani anaficha mkate mfukoni kumpelekea mdogo wake. Jumatano ilikuwa siku ya soseji, na ndiyo siku pekee ambayo sahani zilirudi jikoni zikiwa safi kama zimelambwa na paka.

Na hiyo Jumatano ndiyo wazazi walitaka kuifuta. Fundi wa cherehani wa mtaa wa pili, mama mwenye watoto wanne shuleni hapo, alikuwa amezungusha karatasi ya kukusanya saini, na mkutano ulikuwa umeitishwa Ijumaa alasiri. Mpishi alilichukulia jambo hilo kama tusi. Tangu karatasi ianze kuzunguka alikuwa amepungua hata kuimba bafuni.

Lakini Jumanne jioni aliingia nyumbani akiimba tangu getini. Alikuwa na pakiti tupu ya soseji, ameishika kwa vidole viwili kama mtu anayeonyesha cheti.

"Mama!" Alikuwa anamwita mama yake mzazi, ambaye aliishi nao na ambaye masikio yake hayakutoka redioni. "Zima hiyo redio uone kitu. Haya, soma hapo."

"Nisome na macho gani?" alisema Bibi.

"Asilia! Hazikuongezwa nitriti! Nimepokea mzigo leo, nafungua boksi, nakutana na jani hili. Nusura nimbusu dereva." Akamgeukia mkewe, aliyekuwa anamenya viazi mezani. "Na wewe ndiye unayezibandika! Siku mbili unajua habari njema kama hii, umenikalia kimya?"

Mama Lebo alimenya kiazi kile hadi kikabaki kidogo kama yai la njiwa. Alikuwa na maneno, yalikuwa yamejipanga. Lakini kulikuwa na ile karatasi waliyotia saini siku ya kuajiriwa, kwamba mambo ya kiwandani yanabaki kiwandani. Na kulikuwa na uso wa mumewe, unang'aa kama wa mtoto aliyeshinda mbio, uso ambao hakuwa ameuona kwa wiki tatu.

"Kwa hiyo ni kweli?" aliuliza Mpishi. "Ijumaa nisimame kifua mbele?"

"Ndivyo lebo inavyosema," alijibu.

Mpishi akacheka, akachukua kiazi kibichi akakirusha juu, akakidaka. Bibi hakucheka. Alimtazama mkwewe kwa jicho moja, kisha akawasha redio yake tena, taratibu.

*

Alhamisi Mama Lebo alijikaza kisabuni, akamwendea msimamizi wa zamu. Alichagua maneno yake vizuri. Alisema pengine kuna kosa la uchapishaji, kwamba pengine ingefaa kuandikwa pale kuwa unga wa seleri una nitriti ndani yake, ili mtu akinunua ajue.

Msimamizi alikuwa kijana mpole siku nyingine zote. Siku hiyo alikuwa ametoka kwenye kikao na wakubwa, na shingo yake ilikuwa bado imekaza. "Mama," alisema, na akasema kwa sauti ya kufika hadi kwa wanawake wa kufungasha, "kazi yako ni kubandika, si kusoma."

Wale wanawake walicheka kidogo, si kwa ubaya, bali kwa vile msimamizi akisema jambo la namna hiyo mtu hajui aweke wapi uso wake. Mama Lebo naye alicheka. Ndicho kitu kilichomkera baadaye kuliko vyote, kwamba naye alicheka.

*

Ukumbi wa shule ulijaa Ijumaa hiyo. Viti vilikuwa vya watoto, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakikaribia videvu, na hilo peke yake lilikuwa limewapunguzia subira. Fundi wa cherehani alisema yake kwanza, kwa mkato na bila matusi: watoto si mahali pa kujaribia, na kama bunge zima halijakubaliana, yeye hawezi kuwalisha wanawe ubishi. Walimpigia makofi.

Kisha Mpishi akasimama. Alikuwa amevaa shati la kutokea na amechana nywele kwa maji. Akainua pakiti yenye jani la kijani ili watu wote waione.

"Ndugu wazazi, nawaelewa. Lakini mambo yamebadilika. Someni hapa." Akaisoma yeye mwenyewe, neno kwa neno. "Na kama hamwamini karatasi, niaminini mimi. Mke wangu yule pale yuko kwenye kile kiwanda miaka kumi na mmoja. Ndiye anayebandika hizi lebo kwa mkono wake. Binti yetu anakula hapa pamoja na wenu. Kungekuwa na kitu, angekijua. Na angekijua, mimi angeniambia."

Fundi wa cherehani aligeuka kwenye kiti chake kidogo. Hakuwa na hila. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. "Mama mwenzangu, ni kweli haina?"

Ukumbi wote ukamgeukia. Mama Lebo alisimama, na kile kiti cha mtoto kikasimama naye, kimemnasa. Alikitoa kwa mkono mmoja, akakiweka chini. Hakuna aliyecheka. Mumewe alikuwa anamtabasamia kutoka mbele, anamtia moyo, akidhani anaona haya tu.

"Ina," alisema.

Akaitazama ile pakiti mkononi mwa mumewe, akaendelea. "Ile ya zamani wameiacha. Lakini kuna unga wa seleri, na ule unga una nitriti ile ile. Aliyeniambia ni mtu anayejua. Na si kwamba imewekwa kwa ubaya, inazuia nyama isioze ikawa sumu. Mimi siwaambii mle au msile, sina elimu hiyo. Nawaambia karatasi haisemi ukweli, na mimi ndiye ninayeibandika."

Kelele zilizofuata Mama Lebo hakuzisikia vizuri. Alichokiona ni mumewe akiishusha ile pakiti polepole, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Mzazi mmoja wa kiume huku nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe huko nyumbani kwenu hamsemezani?" na hapo ndipo watu walipocheka. Mpishi alikaa chini. Walipiga kura ya kusimamisha soseji, naye alinyoosha mkono pamoja na wengine, hakumtazama mtu.

*

Waliondoka ukumbini, baba mbele hatua tatu, mama nyuma, binti katikati akijaribu kutembea mwendo wa wote wawili. Baada ya kona ya pili Mpishi alisimama.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Jumanne nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Jumatano nimewapakulia watoto mia tatu, kila mmoja namwambia kula mwanangu, hii safi." Hakuwa amepandisha sauti, na mtu wa sauti kubwa akiongea taratibu inatisha zaidi. "Ungeniambia hata leo mchana. Ungeniambia hata pale mlangoni tukiingia. Ningesimama niseme sijui. Unadhani mimi ningeshindwa kusema sijui?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema Mama Lebo.

Mpishi alimtazama mkewe kama anayetafuta kosa kwenye jibu hilo asilione. "Basi uliniacha nifurahi," alisema, akaendelea na safari.

Jumamosi na Jumapili alizungumza kupitia kwa mama yake. "Mama, mwambie mwenzio kuna maji ya moto." "Mama, muulize kama binti amefanya kazi ya shule." Bibi alivumilia hadi chakula cha mchana cha Jumapili.

"Mama, mwambie anisogezee chumvi."

"Mimi si simu," alisema Bibi. Akaichukua chumvi mwenyewe, akaiweka mbele ya mwanawe kwa kishindo. "Na nikwambie kitu. Amekukosea, ndiyo. Angekwambia Jumatatu, wewe na mdomo wako Jumanne mtaa mzima ungekuwa umejua, na mkeo angefukuzwa kazi Jumatano. Alibeba peke yake kwa vile anakujua. Haya, nipe na mimi hiyo chumvi."

Mpishi alimsogezea bila kumtazama mtu. Lakini alipomaliza kula alichukua sahani ya mkewe pamoja na yake akaenda kuziosha, na hilo halikuwa limetokea tangu Ijumaa.

*

Jumatatu Mama Lebo aliitwa ofisini. Habari zilikuwa zimefika redioni. Walisema "mfanyakazi mmoja wa kiwanda", lakini mfanyakazi mwenye mume mpishi wa shule alikuwa yeye peke yake. Juu ya meza palikuwa na barua iliyochapwa tayari, ikisema kwamba yeye, kwa kukosa utaalamu, alikuwa amewapotosha wazazi, na kwamba anaomba radhi. Palibaki nafasi ya saini tu.

Aliisoma yote kwa sauti, taratibu, bila kuruka hata nukta. Msimamizi, aliyesimama dirishani, alikuwa mwekundu wa macho kama aliyekosa usingizi.

"Sijampotosha mtu," alisema Mama Lebo. "Niandikieni kwamba nilisema mambo ya kiwandani nje ya kiwanda. Hiyo nitaitia saini, kwa sababu ni kweli."

Wakaandika hiyo. Akatia saini. Hawakumfukuza, jina lake lilikuwa limeshakaribia magazeti mno. Walimhamishia nyuma, kwenye kuosha kreti, akasimama kutwa nzima kwenye maji ya magadi. Baadhi ya wale wanawake wa kufungasha waliacha kumwamkia, kwa sababu oda zilishuka zaidi na saa za ziada zikaisha. Hakuwalaumu. Viungo peke yake alipita kila saa ya chai, akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, hakusema lolote la maana.

Nyumbani hakusema kuhusu kreti. Alikuwa hajajifunza bado. Alhamisi alikuwa anakata mkate, Mpishi akaona vidole vyake, vimechanika kwenye maungio na ngozi imekuwa nyeupe kama ya mtu aliyezama.

"Mikono yako imefanya nini?" Lilikuwa swali lake la kwanza kwake bila kupitia kwa Bibi.

Alitaka kusema si kitu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza. "Wamenihamishia kwenye kuosha kreti. Tangu Jumatatu. Magadi yanakula ngozi, na usiku inauma."

Mpishi aliushika mkono ule, akaugeuza, akautazama pande zote mbili kama anavyokagua samaki sokoni. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la mafuta, akaketi akampaka kidole kimoja kimoja huku amenuna bado. Kesho yake asubuhi, juu ya begi lake la kazini, palikuwa na glavu ndefu za mpira kutoka dukani, kubwa mno, za mikono kama ya Mpishi mwenyewe. Alizivaa hivyo hivyo.

*

Wakaguzi wa usalama wa chakula walikuja mwezi uliofuata. Walichukua sampuli, wakaondoka na mikanda miwili ya lebo, na baada ya wiki tatu kiwanda kiliamriwa kuliondoa lile neno "hazikuongezwa" na kueleza unga ule una nini ndani. Jani la kijani waliruhusiwa kubaki nalo. Bungeni muswada ulikuwa bado unabishaniwa. Kwenye mashine ya kubandika alikuwa amewekwa binti mmoja mpya, na siku moja binti huyo alikuja hadi kwenye kreti, na kipande cha lebo mkononi, kuuliza neno fulani lina maana gani. Mama Lebo alivua glavu zake kubwa, akamweleza.

Shuleni, Jumatano ilibaki bila mwenyewe. Mpishi alijaribu maharage, alijaribu mayai. Sahani zilirudi zimejaa nusu. Mwishowe aliamua kutengeneza soseji zake, za nyama mbichi ya asubuhi na za kuliwa mchana huo huo, zisizohitaji kuhifadhiwa na kitu. Fundi wa cherehani mwenyewe alikubali kwa sharti moja, aione nyama ikisagwa.

Jumapili mchana alifanya majaribio nyumbani. Jiko lilijaa moshi na nyimbo. Binti alipewa kusaga vitunguu saumu, Bibi akapewa kiti na kazi ya kukosoa. Zilipoiva aliziweka kwenye sahani, na wote wakainama kuzitazama. Zilikuwa za kijivu.

"Kama vidole vya maiti," alisema Bibi.

"Mama!"

"Si umenipa kazi ya kukosoa?"

Mpishi alichukua kisu. Alikata moja, akachoma kipande kwa uma, akamwendea mkewe aliyeegemea mlango. Uso ulikuwa umemlowa jasho, na alikuwa na matumaini usoni, yale yale ya Jumanne ile. Akamlisha. Kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Niambie."

Mama Lebo alitafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu kulikuwa na kazi ya kutafuna. Akameza.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya kidogo au mbaya sana?"

"Sana. Ngumu, chumvi imezidi, na saumu imeua kila kitu."

Uso wa Mpishi ulishuka, ukakaa huko chini kidogo. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na kile kicheko cha masufuria, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu siku ya mkutano, kikatoka chote kwa mpigo hadi jirani akagonga ukuta. Akafuta macho kwa kona ya aproni, akaivuta meza ya kukatia nyama kati yao wawili.

"Haya," alisema. "Njoo. Chumvi niipunguze kiasi gani?"